Ukumbi wa Benki, Kejeli au Ukurasa wa Gazeti: Chapa Ipi ya Kale Uitundike Ukutani?

Anayetafuta picha ya kale ya mambo ya benki kwa ajili ya ofisi, SACCOS au sebule hachelewi kufika London. Huko ndiko hisa, noti na vishindo vya benki kufilisika vilichorwa na kuchapwa kwa wingi, na mambo hayo si ya mbali nasi kama yanavyoonekana. National Bank of India, yenye makao makuu London, ilikuwa Zanzibar tangu 1892 na Mombasa tangu 1896. Shilingi ya zamani ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa London mwaka 1919, mpaka benki kuu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliposhika kazi hiyo mwaka 1966.

Shida ni kwamba katalogi za wauzaji huchanganya kila kitu: picha ya ukumbi wa heshima, kejeli yenye shetani na mbuzi, ukurasa wa gazeti la miaka 150 iliyopita, vyote kwa jina moja la "chapa ya kihistoria". Hapa nalinganisha chapa nne, yaani picha zilizochapwa kwa wino kutoka kwenye sahani au ubao, zinazokutana sana na mnunuzi. Tatu zilichapwa kwa sahani ya shaba, moja kwa ubao wa mti.

Vigezo

Cha kwanza ni ujumbe. Kabla ya kuuliza bei, jiulize nani atakaa mbele ya picha hiyo na kwa muda gani. Mteja anayesubiri kujibiwa kuhusu mkopo haangalii kwa jicho la rafiki aliyekuja kunywa kahawa. Kwangu kigezo hiki kinazidi vyote, na ndicho wanunuzi wengi hukiruka.

Cha pili ni jinsi ilivyochapwa, maana hapo ndipo utakapojua unachouziwa. Cha tatu, upatikanaji na gharama. Cha nne, namna karatasi itakavyostahimili hewa ya mahali unapoishi. Chumba cha Iringa na chumba cha Tanga ni dunia mbili. Nitataja pia kila moja inamfaa nani.

1. Ukumbi mkuu wa Benki ya Uingereza (London, 1808 hadi 1810)

Ujumbe. Ni picha ya utulivu: ukumbi mpana wenye dari la juu, makarani kwenye kaunta zao, wateja wamesimama kwa makundi. Kazi iligawanywa kwa wachoraji wawili. Augustus Pugin alichora jengo, Thomas Rowlandson akaingiza watu. Ndiyo maana kuta zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula, ilhali watu wana vitambi, migongo iliyopinda na nyuso za mtaani. Rowlandson mwenyewe alijulikana kwa kucheza kamari, jambo linalonichekesha kila nikiwatazama waungwana wake ndani ya benki.

Picha hii inasema: fedha zako ziko mahali salama. Ikumbukwe tu kwamba mwaka 2021 benki hiyo hiyo iliondoa kutani mwake picha na sanamu za magavana na wakurugenzi wa kale waliohusika na biashara ya watumwa. Anayeijua habari hiyo ataitazama heshima ya ukumbi kwa jicho jingine.

Jinsi ilivyochapwa. Ni akwatinta. Unga wa utomvu hunyunyizwa juu ya sahani ya shaba, hupashwa moto ili ushike, kisha sahani hutiwa kwenye asidi. Asidi hula nafasi zilizo kati ya chembe na kuacha vivuli laini vinavyofanana na rangi ya maji. Rangi zenyewe zilipakwa kwa mkono, jani kwa jani, kwa hiyo chapa mbili za sahani moja zinaweza kutofautiana. Zilitolewa na Rudolph Ackermann katika majuzuu matatu ya Microcosm of London yenye picha 104. Inua jani kwenye mwanga utafute alama ya maji ya kiwanda cha karatasi cha Whatman na mwaka. Mwaka huo ukiwa wa mbele sana kuliko 1810, hiyo ni chapa ya baadaye, na bei yake ishuke.

Upatikanaji. Wauzaji wengi walivunja vitabu hivyo wakauza majani moja moja, hivyo si adimu. Gharama yake ni ya katikati. Mfululizo huo una pia picha ya soko la hisa na ya Royal Exchange, jumba la wafanyabiashara lililoteketea kwa moto Januari 1838. Nayo ni chaguo zuri kwa anayetaka jengo zaidi ya nyuso.

Hewa. Karatasi ni ya matambara na ni imara. Adui yake ni jua, kwani rangi za maji hupauka bila kukuaga.

Inamfaa: ofisi inayopokea wateja, chumba cha mikutano, na mtu asiyetaka kueleza picha yake kwa kila mgeni.

2. "South Sea Scheme" ya William Hogarth (1721)

Ujumbe. Hii ndiyo yenye mengi kuliko zote. Kampuni ya South Sea iliundwa 1711. Januari 1720 hisa yake ilikuwa pauni 128 hivi. Katikati ya mwaka ikakaribia 1,000. Mwaka ulipoisha ilikuwa imerudi karibu pale ilipoanzia, na waliokopa ili wanunue walibaki na madeni. Hogarth, kijana wa miaka 24 hivi, akachora London iliyopagawa.

Katikati kuna bembea ya kuzunguka kama za sikukuu, imepandwa na watu wa kila tabaka, na juu yake mbuzi mwenye maandishi yanayouliza nani atapanda. Kushoto shetani anakatakata mwili wa Bahati, aliyechorwa kama mwanamke, na kuwatupia watu vipande, nao wanavigombea. Mbele, Uaminifu amefungwa juu ya gurudumu la mateso na Heshima anachapwa mijeledi. Chini kwenye kona, viongozi wa dini wamechutama wakicheza kamari, hawana habari na lolote. Juu ya roshani wanawake wamepanga foleni kuingia kwenye bahati nasibu ya kupata waume. Kulia umesimama mnara wenye maandishi kwamba ni wa kumbukumbu ya kuangamizwa kwa jiji na South Sea mwaka 1720. Mgeni anaweza kusimama mbele yake nusu saa akaondoka bila kumaliza.

Lakini kuna ambacho Hogarth hakukichora. Biashara ya ng'ambo ya kampuni hiyo ilitegemea mkataba wa 1713 na Hispania wa kupeleka Waafrika 4,800 kila mwaka, kwa miaka 30, wakauzwe utumwani katika makoloni ya Kihispania ya Amerika. Msanii aliwalilia Waingereza waliopoteza akiba; waliouzwa hawamo hata pembeni. Kwa mwalimu wa historia au wa uchumi, pengo hilo lina somo kubwa kama picha yenyewe.

Jinsi ilivyochapwa. Mistari ilichongwa na kuliwa kwa asidi kwenye shaba, wino mweusi mtupu. Ukiiona ina rangi, ujue ni mkono wa mtu wa baadaye. Suala gumu hapa ni neno "halisi". Hogarth alifariki 1764, mjane wake akaendelea kuuza chapa. Mchapishaji John Boydell akanunua sahani mwaka 1790. Mwaka 1822 mchongaji James Heath akazifufua sahani zilizochakaa na chapa zikatoka upya. Zote hizo zimetoka kwenye shaba ya Hogarth, ila za mwisho zina mistari mizito na karatasi nene, na bei yake haiwezi kuwa ile ya chapa za uhai wake. Chapa ya mwanzo iko kwenye karatasi inayoonyesha mistari ya ungo uliotumika kuitengeneza ukiiinua kwenye mwanga. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika Uingereza miaka ya 1750, kwa hiyo ukiiona kwenye chapa inayodaiwa kuwa ya 1721, mwulize muuzaji ni ya toleo gani.

Upatikanaji. Za 1822 hupatikana bila taabu na si ghali sana. Za mwanzo ni za wakusanyaji wenye subira na mfuko.

Hewa. Inastahimili kuliko zote nne. Wino mweusi haupauki, na karatasi ni imara.

Inamfaa: maktaba, darasa, ofisi ya mwanasheria, mhasibu au mshauri wa uwekezaji mwenye ucheshi. Ina miili mitupu na ukatili, kwa hiyo haifai kila sebule.

3. Bibi Kizee wa Mtaa wa Threadneedle, ya James Gillray (Mei 1797)

Ujumbe. Februari 1797 askari wachache wa Kifaransa walitua Wales, uvumi ukaenea, watu wakakimbilia kubadilisha noti zao kwa dhahabu. Serikali ikaiamuru Benki ya Uingereza isitishe kulipa dhahabu, na amri hiyo ikadumu mpaka 1821. Gillray akaichora benki hiyo, iliyoko Mtaa wa Threadneedle, kama bibi kizee mwembamba, gauni lake limeshonwa kwa noti za pauni moja, ameketi juu ya sanduku la dhahabu lililofungwa makufuli. Waziri Mkuu William Pitt amemkumbatia kana kwamba anamtongoza, huku mkono ukitafuta mfuko. Jina la utani la Bibi Kizee limeiganda benki hiyo hadi leo.

Ni picha ya wazo moja, na inaeleweka kwa mtazamo mmoja: serikali yenye vita isiyo na fedha huenda wapi? Mfanyakazi yeyote wa benki kuu ataielewa haraka. Ila bibi anapiga kelele za kubakwa, maneno yameandikwa wazi juu ya kichwa chake, na mzaha huo uliochekesha London ya 1797 haupaswi kumkalia mteja wa kike usoni akisubiri huduma. Hapo sioni mjadala.

Jinsi ilivyochapwa. Sahani ya shaba iliyoliwa kwa asidi, kisha rangi kwa mkono. Hannah Humphrey ndiye aliyeuza. Mwaka 1851 mchapishaji Henry Bohn alichapa upya sahani nyingi za Gillray kwa wino mzito, bila rangi, pande zote mbili za karatasi. Ukipindua jani ukakuta kejeli nyingine nyuma, umeshapata jibu.

Upatikanaji. Chapa ya 1797 yenye rangi yake ni ghali kuliko zote nilizotaja hapa. Za Bohn ni nafuu.

Hewa. Zilizopakwa rangi zina udhaifu ule ule wa akwatinta.

Inamfaa: mwanauchumi, mwandishi wa habari, au mpenzi wa katuni za siasa. Nyumbani au ofisi ya ndani.

4. Kurasa za magazeti ya picha (kuanzia 1842)

Ujumbe. Illustrated London News lilianza Mei 1842, Harper's Weekly la New York likafuata 1857. Humo kuna watu wa kawaida: foleni, kofia zilizosukumwa, vijana wa kupeleka barua wakikimbia. Mei 10, 1866, kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ilipofunga milango, Mtaa wa Lombard wa London ulijaa watu. Septemba 1873 benki ya Jay Cooke ilianguka Marekani na Soko la Hisa la New York likafungwa kwa siku 10. Matukio ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa chakula cha magazeti haya. Hayana shetani wala mafumbo. Mtu aliyewahi kusimama nje ya benki iliyowekwa chini ya usimamizi hahitaji maelezo.

Jinsi ilivyochapwa. Mchoro ulichongwa kwenye ubao mgumu wa mti, uliounganishwa kwa vipande ili wachongaji kadhaa wafanye kazi usiku mmoja. Tazama kwa karibu: mara nyingi utaona uzi mweupe mwembamba ukikata picha pale vipande vilipokutana, na hata mkono tofauti wa mchongaji upande huu na ule. Nyuma pana habari na matangazo. Gazeti lilitoka jeusi na jeupe. Kurasa hizi nyingi zenye rangi zimepakwa na wauzaji wa siku hizi, na kwangu zimeharibiwa, ingawa wapo wanaozipenda.

Upatikanaji. Ndizo nafuu na nyingi zaidi. Picha za kurasa mbili huwa na mkunjo katikati. Punguza bei kwa ajili hiyo, si zaidi.

Hewa. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Magazeti ya miaka ya 1840 yana karatasi nzuri, lakini massa ya mbao yalipoingia kwa wingi kuelekea mwisho wa karne, karatasi ilianza kugeuka njano na kukatika kama papadi kuukuu.

Inamfaa: anayeanza, chama cha akiba, chumba cha mafunzo, na ukuta mrefu unaotaka picha nne au tano zenye kusimulia mfululizo.

Halisi au nakala?

Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu tangu 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumiwe bure, na Hogarth amo. Unaweza kupakua faili kubwa ukachapishiwa Dar es Salaam au Nairobi kwenye karatasi ya pamba kwa wino wa kudumu. Kwa chumba chenye jua kali au maji yanayovuja darini, nakala ina akili zaidi. Andika nyuma kwamba ni nakala, usije ukamwachia mjukuu kesi na mnunuzi.

Kwa anayenunua halisi: chukua lenzi ya sonara. Ukiona vitone vidogo vya rangi nne vimepangwa, ni uchapaji wa kisasa. Chapa ya shaba huacha ukingo uliobonyea pande zote pale sahani ilipogandamizwa; upapase kwa kidole. Ukingo huo unaweza kughushiwa, kwa hiyo usiwe ushahidi wako pekee. Agiza bila fremu, ije imelala kati ya kadibodi mbili ngumu. Kioo kilichosafiri kwa ndege mara nyingi hufika kimekuwa visu, na visu hukata karatasi.

Fremu

Mafundi wetu wengi hupigilia picha kati ya kioo na hadibodi, wakaifunga kwa selotepu. Kwa picha ya harusi sawa. Kwa karatasi ya miaka 200, asidi ya hadibodi itaacha madoa ya kahawia, na selotepu itaacha alama isiyotoka. Mpelekee fundi kadibodi isiyo na asidi ya mbele na ya nyuma, umwombe picha ishikwe kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Karatasi hupumua, ukiigundisha pande zote itajikunja. Kadibodi ya mbele ndiyo inayoizuia isiguse kioo, kwani palipogusa ndipo kuvu huanzia Mombasa au Unguja.

Nyuma ya fremu, pembe za chini, bandika vipande viwili vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta. Epuka ukuta wa nje unaonyonya mvua ya masika, na ukuta unaopigwa na kiyoyozi mchana kisha kikazimwa usiku, maana kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakotesa karatasi. Shusha picha mara mbili kwa mwaka utazame mchwa na wadudu wala karatasi. Kioo kinachozuia miale ya jua ni ghali, lakini kwa zile mbili zenye rangi ya mkono kinalipa.

Kwa hali yako

Ukiwa na mapokezi yenye wateja wa kila aina, anza na ukumbi wa 1808 au Royal Exchange. Bajeti ikibana, ukurasa wa gazeti wa miaka ya 1840 katika fremu nzuri utaonekana bora kuliko chapa ghali kwenye fremu mbovu.

SACCOS au VICOBA vinavyofundisha wanachama hatari ya tamaa vitapata faida zaidi kwa nakala kubwa ya Hogarth, iliyokuzwa mara mbili ili watu watano waweze kuisoma pamoja. Chapa halisi ni ndogo, kati ya A4 na A3. Wekeni maelezo ya Kiswahili pembeni, na sentensi juu ya wale 4,800.

Nyumba ambayo haitundiki picha za viumbe, hasa chumba kinachosaliwa, haitafaa kwa yoyote kati ya hizi nne. Hapo tafuta hati ya kale ya hisa yenye maandishi na mapambo tu.

Mkusanyaji anayeanza asikimbilie Gillray ya 1797. Chukua ya Bohn na ukurasa mmoja wa 1866, uvitazame kwa lenzi mpaka uwe unatofautisha shaba na mti bila kuuliza.

Na kama ni zawadi ya mhasibu anayestaafu baada ya maisha ya kufunga vitabu vya wengine, Bibi Kizee atamchekesha zaidi ya saa ya ukutani, mradi mwasilishe zawadi hiyo kwenye tafrija ya wafanyakazi, si mbele ya wakwe.